Mutama Anagonga Kushoto

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Kibondo. Baridi asubuhi, chai bila maziwa. Mutama anagonga.

Si kule kugonga kwake kwa kawaida. Kwa kawaida ni ko, mara moja, nikikata kona ya kushoto. Hilo nimelizoea tangu nimnunue mwaka 2005. Sasa ni ko-ko-ko, kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Nimepima mchezo wa usukani kwa rula ya shule: sentimita saba na nusu. Yaani nauzungusha sentimita saba na nusu ndipo magurudumu yanapata habari.

Mutama ni gari langu la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la mwaka 1984. Jina ni la Kirundi, maana yake mzee. Tunafanana kwa mengi, ila yeye hasomi.

Zamani hakuna aliyejua. Kwenye vumbi kila gari liliyumba, na dereva aliyenyooka alionekana mgeni. Lami ndiyo imetuumbua. Lami ina mstari mweupe katikati, na Mutama anaupenda mstari ule. Anauendea, anauacha, anaurudia.

Leo Theodosia ametoa amri. Huyu ni mke wangu wa miaka arobaini na minne. Mjukuu wetu Winnie anaolewa Kasulu tarehe 17. Badru, mwenye duka la vitambaa hapa mjini, ametoa Noah yake bure imbebe bibi harusi. Noah ina kiyoyozi. Theodosia alilitamka neno kiyoyozi kama anataja jina la mtakatifu. Mutama asipoacha kugonga na kuyumba ifikapo Ijumaa ya tarehe 16, Winnie atapanda Noah, na mimi nitafuata nyuma na masufuria.

Nimekataa. Sababu sikuisema. Naiandika hapa.

Mama yangu aliondoka kwao kuolewa kwa miguu. Mwaka 1972 akaiacha nchi yake kwa miguu vilevile, mimi nyuma yake, miaka kumi na saba, mkeka kichwani. Theodosia nilimleta kwangu juu ya baiskeli ya kuazima, isiyo na breki. Hakuna mwanamke wa nyumba yetu aliyewahi kutoka mlangoni petu juu ya magurudumu yetu wenyewe. Winnie atakuwa wa kwanza. Tumemlea sisi. Baba yake alirudi Burundi mwaka 2008 na hutuandikia kila Krismasi, kurasa mbili, moja ya hali ya hewa.

Aondoke kwa gari la muuza vitambaa? Haiwezekani!

Jumanne, 6 Agosti

Siku ya elimu.

Ninacho kitabu cha ufundi cha gari hili, kwa Kifaransa. Nilikipata mnadani Mabamba mwaka 1998, miaka saba kabla ya kupata gari lenyewe. Mchwa wamekula sura yote ya usukani. Sura ya breki ni nzima, sura ya taa ni nzima. Mtu aliyesoma vizuri anaweza kukisia yaliyokuwa katikati.

Nimekisia. Juu ya boksi la usukani kuna skrubu yenye nati, mbele kabisa ya macho. Skrubu iliyowekwa mbele ya macho imewekwa ili ikazwe. Nikaikaza robo. Kisha robo nyingine. Kisha nusu nzima kwa ajili ya Badru.

Nikapima. Sentimita moja! Nikamwita Theodosia aje aone rula. Akasema rula haiendi Kasulu.

Saa nne nikatoka kwenda sokoni kumwonyesha kwamba gari linakwenda. Nikakata kushoto, taratibu, kama askofu. Usukani wa kawaida ukiuachia baada ya kona hurudi wenyewe katikati. Huu haukurudi. Ulikaa kushoto. Uliridhika huko. Nilipouvuta kulia ulikataa, nilipouvuta kwa mikono miwili ulifikiria kwanza. Wakati unafikiria, Mutama alishapanda kingo ya barabara, akapita juu ya turubai la muhogo wa Safina, mfanyabiashara wa sokoni, uliokuwa ukikauka, akasimama barazani kwa Badru, shubiri moja kutoka kwenye sanamu lililovaa gauni la harusi.

Safina aliniuliza mbele ya watu kama barabara nilipewa ya kutazama tu. Badru alitoka dukani, akanipa shikamoo kamili, akaniuliza kama mzee wake amekuja kuchagua kitambaa. Hakucheka hata kidogo. Mtu mwenye adabu kiasi hicho hastahimiliki.

Adhabu yangu kwa Safina: kuugeuza muhogo wake mpaka alasiri, kipande kwa kipande. Nimeugeuza. Skrubu nayo nimeirudisha ilikokuwa, pamoja na robo ya ziada kwa hasira. Mchezo sasa ni sentimita tisa.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Wakulima wote wako kwenye maonyesho, na fundi Mudathiri hana kazi. Nimempelekea Mutama.

Aliniweka nyuma ya usukani, niuzungushe kushoto na kulia, kidogokidogo, gari limezimwa. Yeye akalala chini kutazama nini kinacheza. Akatoka baada ya dakika mbili. Akasema ingekuwa rahisi kutaja kisichocheza. Tairodi, vile vyuma virefu vinavyoyaunganisha magurudumu ya mbele, vifundo vyake vyote vimekwisha. Na boksi la usukani linalegea kwenye chasisi, halafu kuna mtu amechezea skrubu.

Nikasema vijana wa mjini hawaaminiki.

Akasema vifundo anaweza kubadili, boksi haligusi. Boksi linataka mtu mwenye sikio. Na mwenye sikio mkoa mzima ni mmoja tu, fundi Reverien wa Kasulu, anayesikiliza usukani kama daktari anavyosikiliza kifua. Akaniuliza kwa nini nisimpelekee.

Kwa nini! Kwa sababu Reverien ndiye baba wa bwana harusi. Ndiye bamwana wangu. Kwetu, watu ambao watoto wao wanaoana ni bamwana, na bamwana hutazamana kama mayai mawili kwenye kikapu kimoja. Huwezi kumlaza bamwana wako chini ya gari lako, mgongo mavumbini, wewe umekaa juu yake. Yeye naye hawezi kukutajia kasoro ya kitu chako, iwe mbuzi, iwe paa, iwe usukani. Mudathiri, ambaye ni Muha na anayajua haya sawasawa, alikuna kichwa kwa spana. Akasema, basi Mwalimu, ni Noah.

Nimerudi nyumbani, nimechukua katambuga yangu moja, kile kiatu cha tairi, nimeikata vipande vinne, nimevipachika penye vifundo na kuvifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Nimeendesha hadi kituo cha afya na kurudi. Kimya! Tairi kuzuia gari kugonga. Sura ile iliyoliwa bila shaka ilisema hivyohivyo.

Baadaye: vipande vitatu vimedondoka. Jirani amekileta kimoja. Ameuliza kiatu kingine kiko wapi.

Jumamosi, 10 Agosti

Kasulu na kurudi. Mpango ulikuwa huu, na ulikuwa mzuri. Siwezi kumwomba bamwana. Lakini nikienda kwake kwa shughuli nyingine, kwa mfano kukagua mpangilio wa viti vya wageni, na akasikia mwenyewe Mutama anavyolia, fundi ndani yake hatavumilia. Atajitolea. Mimi nitakataa mara mbili. Mara ya tatu nitakubali kwa huzuni.

Nilifika kwake saa tano. Kila niliyempita njiani aligeuka kutazama. Nikaingia uani kwa kona ya kushoto, ile mbaya: ko-ko-ko-KO. Kuku walitawanyika. Reverien alikuwa mlangoni, mtu mrefu, mikono ya grisi, masikio makubwa kweli. Alinikaribisha kwa kuniuliza habari za mvua za mwaka jana.

Nikasema ngoja nisogeze gari kivulini. Nikasogeza. Ko-ko-ko. Nikasema kivuli kile hakifai, nikasogeza tena. Mke wake alitoka jikoni akifikiri kuna anayetwanga. Reverien alitazama mbinguni.

Nikakata tamaa ya hila, nikasema wazi kidogo: sijui kama bamwana anasikia sauti fulani. Akatega sikio. Akasema labda ni barabara yao hii, samahani sana, ina mawe yanayogonga. Gari la mzee ni kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Gari lilikuwa limesimama wakati huo, na bado kitu fulani chini kilianguka. Akasema ni embe.

Hakuna mwembe pale.

Tulikunywa urwarwa, pombe yetu ya ndizi, kutoka mtungi mmoja kwa mirija miwili, tukasifu viti. Jasho lilimtoka. Mara mbili niliuona mkono wake wa kulia unafungua nati hewani. Aliniaga kwa kuniambia niendeshe salama, halafu akarudia neno salama mara tatu, na macho yake yalikuwa kama ya mtu anayesindikiza jeneza.

Nyumbani Theodosia aliuliza bamwana amesema nini. Nikasema amesema gari ni zima. Akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimelala nikiwaza, nimeamka na jibu. Tatizo si Mutama. Tatizo ni kwamba ni Mutama wangu. Akienda kwa Reverien kama gari la mtu mwingine, Reverien atalala chini yake kwa furaha na kusema yote.

Kwa hiyo Mudathiri ataliendesha. Atasema ni la mzee mmoja wa Kakonko, jina halikumbuki. Namba za gari tutazipaka tope. Kwenye mlango niliandika zamani kwa mkono wangu MUNGU NI MWALIMU. Hapo tutabandika gunia. Tutavua keria ya juu.

Na mimi? Mimi lazima nisikie. Ripoti ya fundi ikipita mdomoni mwa fundi mwingine huongezwa chumvi. Nitalala nyuma, chini ya turubai, katikati ya magunia mawili ya mahindi.

Mudathiri ameniuliza umri wangu. Nimemwambia sitini na tisa. Akasema alitaka tu kuhakikisha.

Winnie alipita jioni kutoka Kakonko. Yeye ni afisa ugani huko, anazunguka mashamba akiendesha pikapu ya mradi. Alitazama gunia, nilikuwa nimeshalibandika mlangoni mwa Mutama. Akasema, Babu, hata nikipanda punda nitaolewa tu. Nimemwambia punda ana usukani mbaya zaidi. Alicheka, lakini alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida. Amechukua mikono ya mama yangu. Sijui kama niliwahi kumwambia.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika nikiwa Kasulu, kwenye benchi la duka, kwa sababu kwa Reverien sina uso wa kukaa.

Safari chini ya turubai: mbaya. Mudathiri anaendesha kama anayefukuzwa, na mahindi hayana huruma. Daraja la Malagarasi nililitambua kwa mlio tu. Lakini tulifika, na yote yalikwenda kama nilivyopanga.

Mudathiri akasema ni gari la mzee wa Kakonko. Reverien alilizunguka gari mara moja. Alisimama kwa muda penye gunia la mlango. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya ajabu, kama anayewahubiria watu wa nyuma, kwamba hajawahi kuliona gari hili maishani mwake, wala mwenye nalo hamjui, kwa hiyo anaweza kusema ukweli wote.

Nikafurahi sana chini ya turubai!

Akaingia chini. Sauti yake ikaja kutoka huko, bado kubwa, na taratibu, kama imla ya darasa la nne. Vifundo vyote vya tairodi vimekufa. Boksi lina bolti mbili, zilitakiwa nne. Shoki ya usukani, ile inayozuia magurudumu kutikisika, ina mafuta kidogo kuliko sahani ya sadaka. Akakuta kipande cha katambuga. Akauliza namba ya kiatu.

Akasema mzee huyu wa Kakonko lazima ni mtu mwema, maana Mungu amemlinda waziwazi. Lakini akiendelea hivi ataua mtu, na pengine mtu huyo ni yule anayempenda kuliko wote. Alirudia sentensi hiyo mara mbili. Hapo nilimfikiria Winnie, nikayasahau hata mahindi. Nikajiambia: umesikia, sasa tulia.

Ningetulia. Naapa ningetulia. Lakini alifika kwenye skrubu. Akasema skrubu hii imegeuzwa na mtu asiyejua kusoma.

Asiyejua kusoma!

Miaka thelathini na moja ubaoni. Kifaransa, Kiswahili, Kirundi, na Kilatini cha misa. Nilijikuta nimesimama ndani ya gari, turubai begani kama joho la jaji, punje za mahindi zinamwagika, nasema kwamba kitabu ninacho, sura ndiyo iliyoliwa, na mchwa si kosa la msomaji.

Mudathiri alifumba macho. Mke wa Reverien aliangusha beseni. Reverien alitoka chini ya gari taratibu, vumbi mgongoni, grisi usoni, akanitazama kutoka chini, mimi nikiwa juu yake. Yaani lilelile lisilotakiwa kutokea kati ya bamwana, tena kwa picha kamili.

Akasema, kwa sauti ndogo mno, karibu bamwana. Kisha akaingia nyumbani na kufunga mlango.

Baada ya muda alitoka. Amevaa shati safi. Alileta kiti, akakifuta, akanikalisha. Akasema amemtukana mzazi mwenzake na hana namna ya kulipa ila kwa mikono. Akavua shati safi. Akaanza kazi. Hajasema neno jingine mpaka sasa, na nimeshindwa kukaa na ukimya ule. Nimekuja dukani. Mudathiri amekaa mbali nami, benchi jingine.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimerudi Kibondo na Mutama. Vifundo vipya, shoki mpya, bolti nne, skrubu imewekwa penyewe kwa kutumia sikio. Sentimita mbili za mchezo. Reverien anasema ziachwe hizo mbili, usukani nao unahitaji pa kupumulia. Hagongi. Nimekata kona za kushoto kumi na moja, kila moja kwa makusudi. Kimya.

Nilitegemea makofi. Theodosia alisikiliza habari yote mikono kiunoni, kisha akaniuliza kama kweli naamini Reverien hakulitambua gari.

Nikasema tulipaka tope.

Akasema fundi mwenye sikio lile alilitambua tangu daraja la Malagarasi. Alinitambua hata mimi, maana, kwa maneno ya Mudathiri, turubai lilikuwa linakohoa. Aliukubali huo uongo wa mzee wa Kakonko kwa shukrani, kwa sababu ulimpa mlango wa kuniambia ukweli bila kunivunjia heshima. Ndiyo maana alipaza sauti. Ndivyo watu waungwana wanavyoambiana mambo, tangu enzi za babu zetu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kukaa kimya chini ya turubai, nisikie, nirudi nyumbani, na kesho Mudathiri alete gari la mzee wa Kakonko litengenezwe. Hakuna ambaye angeaibika. Badala yake nilisimama.

Nimelifikiria hilo. Theodosia ni mwanamke mwenye akili, lakini ana kawaida ya kuona mafumbo. Kama Reverien alinijua, angesema.

Kamati ya harusi imekaa jioni, watu tisa, Badru akiwa mweka hazina. Wamepanda Mutama wote kwa zamu. Badru mwenyewe alikata kushoto, akatega sikio, akashuka. Akasema mzee wangu, hongera, bibi harusi ni wako, mimi nitabeba masufuria. Akanipa na utepe mweupe wa kufunga kwenye boneti, kutoka dukani kwake, mita sita. Adabu tena. Mtu huyu hachoki.

Jumamosi, 17 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi Winnie alitoka mlangoni petu. Gauni jeupe, ukungu mabondeni. Theodosia alipiga kigelegele kimoja, sauti ikamkatika. Nilimfungulia Winnie mlango wa Mutama. Aliinua gauni, akapanda. Nilihesabu hatua zake kutoka kizingiti hadi garini: kumi na nne. Mama yangu alitembea siku sita.

Sikulia. Nilifuta kioo.

Kisha nikaendesha.

Sijui niandikeje. Kwa miaka kumi na tisa nimemwendesha Mutama kwa kuukata usukani kushoto na kulia bila kukoma, kama mtu anayepepeta mchele. Ndivyo alivyonyooka. Mikono ilishajifunza, haiulizi tena. Leo mikono ikapepeta kama kawaida. Na Mutama, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, alitii. Kila kitu! Kushoto akaenda kushoto. Kulia akaenda kulia. Kabla ya Busunzu tulikuwa tumetumia upana wote wa barabara ambayo taifa limeijenga kwa taabu kubwa, na sehemu ya majani. Utepe wa Badru ulipiga kioo kama fimbo. Nyuma yetu Noah ilirudi nyuma, ikarudi nyuma tena, ikabaki nukta.

Nilijiambia tulia. Kichwa kilitulia. Mikono haikupata habari.

Askari wa barabarani alitusimamisha. Kijana mpole. Aliniamkia, akanusa hewa kidogo, akaniuliza mzee ameamkia kinywaji gani. Nikasema chai bila maziwa. Akanipulizisha kifaa chake. Hakikuonyesha kitu. Alikitikisa, nikapuliza tena. Akamtazama Winnie, uso wake rangi ya majivu, shela mdomoni. Akasema harusi ni jambo jema, lakini kwa mwendo huu itafuatiwa na jingine.

Hapo Winnie alishuka. Nilifikiri anakwenda kupanda Noah, iliyokuwa inafika. Nilitazama rula, ambayo kwa sababu fulani nilikuwa nayo mfukoni.

Hakwenda kwenye Noah. Alizunguka mbele ya boneti, gauni mkononi, akafungua mlango wangu. Akasema, Babu, sogea. Nikamwambia bibi harusi haendeshi. Akasema, "Babu, mikono yako imempigania huyu mzee miaka yote. Sasa amepona, lakini yenyewe haijui. Ipumzishe. Shika maua."

Nikasogea. Nikashika maua.

Alivua viatu vyeupe, akaendesha pekupeku. Mutama alikwenda kama uzi wa fundi cherehani. Mstari mweupe ulikaa mahali pake. Kwa mara ya kwanza nilivitazama vilima hivi kutoka kiti cha abiria, na nikaona kwamba kuanzia Makere, ukungu ukiinuka, vinafanana sana na vile nilivyoviacha. Nilikuwa sijawahi kupata nafasi ya kuangalia. Nilikuwa napepeta.

Tuliingia kanisani Kasulu kwa kona ya kushoto. Kwaya ilikuwa tayari, ngoma tayari. Mlango wa dereva ukafunguka, ukatoka mguu mtupu na mita tatu za gauni. Mlango wa abiria ukafunguka, nikatoka mimi na shada la maua. Mama mmoja wa kwaya alisema kwa sauti, basi bibi harusi wa Kibondo amekomaa. Walicheka hadi nguzo za geti. Nkunzimana, bwana harusi, alicheka kuliko wote, kisha akamtazama Winnie akasahau kucheka.

Reverien alikuja mbele. Hakuniangalia. Alitega sikio kwenye boneti, kama dakika nzima, akaweka kiganja juu yake. Kisha akanikumbatia, maua yote katikati yetu.

Theodosia alishuka kwenye Noah akipiga chafya. Kiyoyozi.

Winnie ametoka mlangoni petu kwa magurudumu yetu, na mkono ulioshika usukani ulikuwa wa nyumba yetu. Nimeshinda. Yeyote anayesema vinginevyo hakuwepo.

Jumapili, 18 Agosti

Kibondo. Kumetulia. Nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Mchana alikuja mtu wa pikipiki kutoka Kasulu na bahasha kutoka kwa Reverien. Ndani kuna hotuba, kurasa nne, ya kusomwa mwezi ujao mbele ya askofu, siku ya kubariki kigango. Pamoja nayo kikaratasi: rafiki yake mmoja wa Buhigwe, ambaye mimi simjui, ndiye aliyeiandika. Ana aibu, hana kisomo kikubwa. Bamwana, kwa kuwa ni mtu aliyesoma, aisome na kusema makosa yote bila kumwonea haya, maana mwenyewe hayupo.

Nimeisoma. Mbaya sana. Askofu anaitwa ndugu mara sita. Tairodi zimetajwa mara mbili.

Lakini nilipofika ukurasa wa tatu nilishtuka. Herufi r yenye mkia! Na alama ya kidole, ya grisi, pembeni! Mwalimu wa miaka thelathini na moja hapitwi na mwandiko. Theodosia alikuwa anaosha vyombo. Nilimwona anatikisa kichwa kwa nguvu, akisema hapana, hapana, lakini sikujua ni sufuria gani inayomkera.

Nikapiga simu papo hapo. Nikamwambia Reverien kwa furaha: "Bamwana, usinifiche! Mtu wa Buhigwe ni wewe!"

Simu ikakatika.

Vilima hivi ni vizuri kutazama, ila vinaharibu kabisa mtandao.